Nabwire, Kuhusu Ile Kadi ya Nairobi

Busia, Jumapili alasiri

Nabwire mwanangu,

Baba yako yuko sebuleni anafunga sanduku lako la kwenda shule Nairobi kwa kamba, ingawa sanduku lenyewe lina kufuli mbili na zote zinafanya kazi. Nimemwachia. Yeye ndiye atakayekueleza habari za kukaa karibu na dereva, kutokula chakula cha mtu usiyemjua, na baridi ya Nairobi asubuhi. Amejiandaa wiki nzima, kwa hiyo msikilize na usimkatize. Mimi nimeona umeenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nikaja kukaa huku kwenye chumba chetu cha gemu, mlango nimeurudisha, mashine zimezimwa. Nina jambo moja tu la kukuandikia, nalo ni ile kadi ya kompyuta utakayotununulia huko.

Usigune. Najua tumeizungumza hiyo kadi mpaka tukachokana. Lakini Ijumaa mama yako mdogo Taaka alifika hapa kutoka Matayos, akakaa, akanywa chai yangu yote, ndipo akaniambia kwamba umeshaamua. Utafika Nairobi, utanunua kadi ya bei ya chini kabisa, halafu pesa itakayobaki utaifunga ndani ya kifurushi uturudishie. Ulimwambia, "Aunty, Mum ameuza ng'ombe juu yangu. Siwezi kula hiyo pesa yote."

Nilikasirika, mwanangu, na sitakuficha. Baada ya kukasirika nikafurahi, kwa sababu ni mtoto mwenye moyo anayewaza hivyo. Halafu nikakasirika tena. Kompyuta mpya iko pale kwenye kona imefunikwa shuka, haina kazi mpaka kadi ifike. Wateja wetu wameanza kuvuka barabara kwenda kwa yule jirani mwenye taa za rangi. Ukituma kadi isiyoweza kazi, wengine waliobaki watavuka pia, na sijui muhula ujao karo yako itatoka wapi. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana utasoma mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu unakuchosha.

Nianze na ugonjwa wetu. Sisi watu wa mpakani tukionyeshwa kitu, swali la kwanza ni, "Upande ule ni bei gani?" Sukari, sabuni, baiskeli, viatu vya shule, yote tunayapima hivyo. Hata harusini naweza kumtazama bibi harusi anavyoingia kanisani, watu wanapiga vigelegele, mimi nimeshajua gauni lilitoka upande gani na alipunjwa kiasi gani. Na mimi ni mgonjwa kuliko wengine, kwa kuwa kabla ya chumba hiki nilibadilisha pesa pale karibu na lango la forodha miaka mingi, na mbadilisha pesa halali vizuri siku ambayo rate ya pesa imesogea na yeye hakufanya kitu.

Unakumbuka kadi yetu ya kwanza. Ulikuwa ndiyo umeingia kidato cha pili. Tulikuwa na kompyuta moja, ile ya kijivu niliyoinunua kutoka ofisi ya mawakala wa forodha walipokuwa wanahama. Wewe ndiwe uliyenieleza kwamba gemu la magari linakwama kwa sababu ndani ya kompyuta hakuna kadi ya picha, kile kibao kinachochora barabara na magari yanavyokwenda, na kwamba bila hicho, mashine inachora kila kitu yenyewe huku inafanya na kazi nyingine. Nilikuelewa vizuri. Nilikwambia tutatafuta kadi nzuri, tulinganishe, tuulize. Hayo ndiyo niliyosema.

Asubuhi moja nikasikia shilingi ya Uganda imeanguka. Imeanguka kweli, si mchezo. Nikavuka. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Kampala mwenye duka la redio na pasi, na kwenye kabati la kioo alikuwa na kadi moja ndani ya boksi kubwa lenye picha ya zimwi linatoa moto puani. Akaniita mama kwa Kiganda, akaniambia, "Nyabo, hii ndio ya mwisho, na rate ya leo kesho hautaiona." Mwanangu, mtu huyo alinijua kuliko kasisi wetu anavyonijua. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona tofauti na bei ya Kisumu, mikono ikaanza kuniwasha. Sikumuuliza ile kadi inataka kompyuta ya namna gani. Nilitazama namba kwenye boksi, nikaona ni kubwa, nikalipa. Nikarudi nimepakiwa kwenye boda boda, boksi nimelikumbatia kifuani, nikalilipia ushuru kama mtu mwenye heshima zake, na hata baada ya ushuru nilikuwa bado nimeshinda.

Siku ile sikununua kadi. Nilinunua rate.

Wewe uliliangalia boksi, ukaniangalia mimi, ukasema polepole, "Mum, achana na hiyo number ya kwa box. Si number inaendesha gari." Nikakwambia unyamaze uiweke. Ukaiweka. Na picha zikaja, Nabwire! Mvua kwenye kioo cha gari, jua linang'aa kwenye lami, miti ina majani. Niliita mpaka yule mama wa chapati aje aone. Nilijisifu siku nzima.

Jioni akaja Ssalongo. Unamjua, yule dereva wa Kampala aliyekuwa akibeba saruji, baba wa mapacha, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa amekwama siku kadhaa kwenye maegesho ya malori akingojea karatasi zake. Hilo nalo halijaacha kunichekesha mpaka leo. Mtu ameendesha lori kutoka Mombasa, mgongo unamuuma, anashuka, na kitu cha kwanza anachotaka ni kulipa ili aendeshe tena. Akakaa, akachagua gari jekundu, akaondoka. Kona ya kwanza akaingia ukutani. Ya pili, ukutani. Nikamwambia azoee kwanza. Akageuka.

"Nyabo, hii motoka yako iko na usingizi. Mimi nakata, yenyewe inafikiria kwanza."

"Lakini si unaona mvua?" nikamuuliza.

"Mvua nimeona. Hata kule msitu wa Mabira kuna mvua. Mimi nataka ikate kona."

Nilimkasirikia Ssalongo kama vile amenitukania mama. Lakini wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, na ulipokuja kunieleza baadaye ulinieleza kwa adabu, ndiyo maana nilisikia. Ulisema kadi yenyewe haina makosa, ni kompyuta ya kijivu ambayo ni mzee. Kadi ni kama mpishi hodari wa ugali, maji yanachemka, mwiko uko mkononi, lakini anayemletea unga anauleta kijiko kimoja kimoja. Mpishi anasimama tu. Nilikuwa nimemlipa mpishi mshahara wa hoteli kubwa ili asimame.

Ungedhani hapo nilipata akili. Nilipata hasira, na hasira ndiyo iliyonifanya ninunue kadi ya pili. Tulipopata ile kompyuta nyeusi, ambayo ilikuwa changa kidogo, nilisema basi, mimi na vitu vya gharama tumeachana. Nikaagiza kadi ya bei ya chini kuliko zote, haina boksi, imefungwa kwa gazeti. Na hiyo nayo unakumbuka. Magari yaliruka kama chura. Mara uko hapa, mara uko kule, katikati hakuna. Madereva walicheka, na mteja akicheka mashine yako ujue hatarudi.

Sasa nataka nikukumbushe ulichofanya, kwa sababu nadhani wewe umekisahau na mimi sijakisahau. Ulikaa mbele ya ile nyeusi, ukaanza kutoa vitu. Ukatoa mvua. Ukatoa vivuli vya magari. Ukapunguza ukubwa wa picha mpaka miti ikawa kama maboksi ya kijani na uso wa dereva hauonekani. Nilisimama mlangoni, nikakwambia, "Unaharibu! Nani atalipa kuangalia hiyo takataka?" Ukanijibu bila kugeuka, "Mum, hawalipi kuangalia."

Ssalongo alipopita safari iliyofuata, alikaa kwenye ile ya kijivu, ile ya mvua, kwa heshima yangu. Akacheza mara moja. Kisha akahamia ile nyeusi yenye picha mbaya, na hakuondoka hapo mpaka walipokuja kumwita kwamba karatasi zake zimetoka. "Banange, hii ndio inanisikia," alisema. "Nikikata, inakata." Wiki hiyo yote watu walipanga foleni kwenye mashine mbaya, na ile nzuri yenye zimwi la moto ilikaa bure na mvua yake. Mimi mbadilisha pesa, ninayejua thamani ya kila noti ya nchi nne, nilikuwa nimeweka thamani mahali ambapo mteja haitazami kabisa.

Nimefikiri sana juu ya siku hizo. Mara ya kwanza nilidhani bei kubwa iliyopunguzwa ndiyo kazi. Mara ya pili nilidhani bei ndogo ndiyo akili. Mara zote mbili nilikuwa naitazama bei, na Ssalongo alikuwa anaitazama kona. Basi. Sina falsafa zaidi ya hiyo.

Sasa tuje kwa hii ya tatu. Gemu jipya limekuja, lile la watu wawili kushindana kwenye skrini moja, na ile kadi ya gazeti hailiwezi hata ukitoa mvua na miti na barabara yenyewe. Jirani analo. Wewe mwenyewe ulinichorea kwa kidole juu ya meza, nami nilikuwa nasikiliza ingawa nilijifanya nahesabu soda. Ulisema ziko kadi za aina tatu Nairobi. Ya chini inaliwasha gemu, lakini watu wawili wakiingia inaanza kuruka. Ya katikati inawabeba wote wawili bila kuchoka. Ya juu inawabeba hivyo hivyo, ila inaongeza urembo, na kwa urembo huo unalipa karibu mara mbili. Ukasema kutoka ya chini kwenda ya katikati, pesa kidogo inakupa kazi nyingi, na kutoka ya katikati kwenda ya juu, pesa nyingi inakupa kazi kidogo. Sijawahi kusikia mtu akieleza jambo vizuri hivyo, na nimewasikiliza maafisa wa forodha wakieleza mambo maisha yangu yote.

Ulijua jibu, Nabwire. Ulilijua kabla ya Taaka kukuonyesha zizi tupu la yule ng'ombe niliyemuuza. Ni ng'ombe huyo aliyekuvuruga.

Ngoja nikwambie habari ambayo hata baba yako hajui yote. Nilipomaliza shule kule Sigalame, nilipata nafasi mbili. Moja ilikuwa chuo cha uhasibu Kisumu, miaka miwili, bweni, vitabu, kila kitu. Nyingine ilikuwa kozi fupi ya kupiga taipu hapa mjini. Niliitaka ya Kisumu hadi naiota. Lakini babu yako alikuwa mkulima wa pamba, na mwaka ule pamba haikulipwa vizuri, na nilikuwa nimemwona akienda kanisani na viatu vya tairi wakati wazee wenzake wamevaa ngozi. Nikamhurumia. Jioni tukiwa tunachambua maharagwe nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Baba, mimi nataka ile ya taipu. Uhasibu ni mrefu, utanichosha." Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa." Nikaenda kulala nikijiona mtoto mwema kuliko wote wa kwetu Samia.

Miaka ikapita. Nikawa napiga taipu, kisha kazi ikaisha, nikaingia kwenye kubadilisha pesa. Siku moja babu yako alikuja mjini kwa daktari, akapitia pale langoni, nikampa kiti changu akae. Akanitazama nikihesabu, nazungumza na Waganda, nabadilisha kichwani hesabu za watu watatu kwa wakati mmoja. Kisha akacheka, akasema, "Kumbe hesabu ulikuwa unaipenda."

Nikamwambia naipenda tangu zamani.

"Sasa mbona ulikataa Kisumu? Mimi nilikuwa nimetenga ng'ombe wawili wa hiyo shule. Wewe ukaniambia itakuchosha. Nikafikiri huyu mtoto hapendi masomo, nisimlazimishe. Wale ng'ombe nikawauza, nikaezekea nyumba."

Mwanangu, nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, na sikuweza kufanya lolote kwa sababu mteja alikuwa amesimama na noti mkononi. Babu yako aliondoka pale akidhani ni kichekesho. Alikuwa amebeba moyoni, miaka yote hiyo, kwamba binti yake hakutaka kusoma. Na mimi nilikuwa nimebeba kwamba baba yangu hakuwa na uwezo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na habari za kweli za mwenzake, na bati la nyumba yake lilikuwa zuri sana. Kila nilipolala chini yake mvua ikinyesha, nilikuwa nasikia Kisumu.

Siandiki haya ili ulie. Ukilia kwenye basi watu watadhani umefukuzwa nyumbani. Naandika ili ujue kwamba ng'ombe yule niliuza mimi mwenyewe, kwa macho yangu mawili, nikiwa na akili timamu, na sikuuza kwa huzuni. Mnunuzi alijaribu kunipunja, nikambana mpaka akaomba maji ya kunywa. Ilikuwa asubuhi nzuri sana. Nimekaa mpakani maisha yangu yote nikiwauzia watu pesa za watu, na siku hiyo nilikuwa nanunua kitu changu. Nilikuwa nanunua shule yako na kazi ya chumba hiki. Usije ukanirudishia nusu ya nilichonunua ukidhani unanisaidia.

Kwa hiyo nenda dukani ukiwa na akili zako, uache ile ya kunihurumia hapa nyumbani kwa baba yako, ataipangia mahali. Chukua diski ya lile gemu, nimeifunga kwenye leso ya kijani ndani ya mkoba wako mdogo. Mwambie mwenye duka aliwashe kwenye kompyuta inayolingana na yetu mpya, si ile kubwa aliyoiweka mbele ili kuvutia watu. Akikuonyesha mvua, mwambie asante. Akikuonyesha namba kwenye boksi, mwambie asante. Wewe kaa chini, weka watu wawili, ongeza mwendo, kata kona. Na akianza kukuita dada mrembo na kukwambia bei hii ni ya leo tu, simama, toka nje, kanywe chai. Mimi ningekuwa nimeshalipa. Wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho: unaweza kutoka nje.

Inawezekana ukifika huko ukakuta mambo mengine. Vitu hivi vinabadilika haraka, na wapo wanaosema mwaka wa elfu mbili ukifika kompyuta zote zitazima na tutarudi kucheza bao. Pengine ile ya chini imeboreshwa, kumbe inatosha. Pengine ya juu imeshuka. Pengine utakuta ya nne ambayo hata huijui. Ukiamua ni ya chini kwa sababu umekata kona na imekata, sawa, nitaipokea kwa mikono miwili. Ukiamua ni ya chini kwa sababu umemkumbuka ng'ombe, nitajua. Sitajua kwa kuitazama. Ssalongo ataniambia.

Nakuamini, Nabwire. Sisemi hivyo kwa sababu wewe ni mwanangu, maana wapo wanangu wengine ambao siwezi kuwatuma hata mkate. Nakuamini kwa sababu nilisimama kwenye mlango huu nikakuona unatoa mvua kwenye mashine huku mama yako akipiga kelele nyuma yako, na hukuacha.

Jambo la mwisho, halafu nikuache, nakusikia unacheka na wenzako huko barabarani, mnakaribia kufika. Ukishanunua, itume kwa basi, andika jina langu kwa herufi kubwa. Ndani yake usiweke risiti. Chenji ikibaki ni yako, nunua viatu, nunua kitabu, usinirudishie hata shilingi, maana nikiiona chenji nitapiga hesabu, nikipiga hesabu nitajua bei, na nikijua bei nitaanza kuuliza upande ule ingekuwa kiasi gani. Unanijua. Nitakupigia simu kwa yule jamaa wa kibanda cha simu, nitakuuliza kwa ujanja, nitasema baba yako ndiye anataka kujua. Usiniambie.

Niambie tu inakata kona vipi.

Mama yako